Ruhusa Isiyo na Msiba

Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, mkuu wa shule aliniuliza nani amefariki.

Nikamwambia hakuna. Akaweka kalamu chini, akanitazama. Nilikuwa nimevaa sweta la marehemu mama na viatu vya kuazima, na miguuni pangu kulikuwa na kapu la viazi nilivyomletea mdogo wangu wa kiume agawane na wenzake bwenini.

"Basi kuna mgonjwa," alisema.

"Wote wazima, mwalimu. Nimekuja kumwombea ruhusa aje nyumbani tukae pamoja siku chache. Likizo."

"Likizo ni mwezi wa sita."

"Hiyo ni ya shule. Mimi naomba ya nyumbani."

Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Alikuwa kidato cha sita, mrefu kuliko mwalimu mwenyewe, lakini pale alionekana mtoto. Kabla hatujaingia ofisini alinivuta pembeni, chini ya mikaratusi ya pale shuleni, akanibembeleza. "Dada, sema bibi. Hapa kila mtu anasema bibi." Bibi yetu mzaa baba alikuwa hai huko Rungwe, na wiki ile ile alikuwa ameniletea ndizi. Nilimwambia siwezi kumzika mtu ambaye ndizi zake bado ziko jikoni kwangu.

Mkuu wa shule alivua miwani. "Muhula huu nimezika bibi za watu mpaka nimechoka. Kuna kijana wa Njombe, bibi yake alikufa muhula uliopita, na muhula huu amekufa tena. Wewe unakuja hapa huna hata maiti mmoja?"

"Sina, mwalimu."

Nikamweleza jinsi mambo yalivyokuwa. Baba alitangulia, kisha mama, na mama alipokufa nilikuwa kidato cha pili. Sikurudi tena darasani. Nililima viazi Uyole, nikauza kando ya barabara kuu kwa madereva wa malori ya Zambia, na kwa viazi hivyo huyu aliyesimama mlangoni alisoma. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliachwa mchanga mno, akachukuliwa na shangazi yetu aliyekaa Makongolosi na mumewe mchimba dhahabu. Sasa mume wa shangazi alikuwa anahamia mbali, upande wa ziwa kule kaskazini, na shangazi alikuwa amekubali kupita Uyole na mtoto wakiwa njiani. Wakishaondoka, sikujua kama tungewaona tena. Watoto watatu wa mama mmoja tulikuwa hatujawahi kulala chini ya paa moja tangu siku za matanga.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Halafu akamgeukia mdogo wangu.

"Jumatatu mtihani wa majaribio unaanza. Jumapili jioni, wakati wa kuhesabiwa, nikukute kwenye mstari. Usipokuwepo, jina lako silipeleki kwenye mtihani wa taifa. Unanifahamu?"

Alimfahamu. Muhula uliotangulia mkuu alikuwa amewafukuza wawili kwa kosa hilo hilo, na baba wa mmoja wao alikuwa mtu mkubwa serikalini.

"Ndugu," aliniambia mimi nikiwa nainuka, "nimekupa kwa sababu hukunidanganya. Usinifanye nijute."

"Atakuwepo, mwalimu."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Njia nzima ya kutoka Iringa kurudi Uyole neno hilo lilikuwa limenikaa kifuani.

Shangazi alitakiwa kufika Ijumaa. Ilikuwa masika, na barabara ya kushuka kutoka Makongolosi kupitia Chunya ilikuwa tope tupu. Ijumaa ikapita. Nilikuwa nimetandika kitanda kipya, nimekopa sufuria kubwa kwa jirani, nimenunua nyama, kitu ambacho hatukukizoea. Jumamosi mdogo wangu alishinda barabarani akichungulia kila gari linalotoka Mbeya mjini. Mchana akarudi, akakaa kwenye kizingiti na kitabu chake cha jiografia, lakini sikumwona akifungua ukurasa.

"Walivyokawia hivi, wameghairi," alisema.

"Shangazi haghairi. Amekwama."

"Wewe unajuaje?"

"Namjua tangu wewe hujazaliwa. Soma kitabu chako."

Walifika Jumamosi jioni, juu ya lori la magogo, wamelowa. Mtoto alikuwa amelala begani kwa shangazi, miguu yake yote tope jekundu lililokauka. Tulimlaza hivyo hivyo. Hakufumbua macho hata tulipomvua gauni. Mdogo wangu alisimama na taa mkononi akimtazama muda mrefu, mpaka shangazi akamwambia, "Mwache apumzike, mwanangu. Safari imemmaliza."

Jumapili alfajiri nilimwamsha kaka mtu, nikambebea begi, tukaenda barabarani. Basi la kwanza la Iringa lilikuja likiwa na nafasi. Utingo akafungua mlango. Mdogo wangu hakuinua mguu.

"Siendi na hili, dada."

"Panda."

"Hajaniona hata uso. Nikiondoka sasa nilikuja kufanya nini?"

"Umekuja, umemwona. Panda."

"Nimemwona, ndiyo. Yeye hajaniona. Nitapanda la saa nne."

"Na la saa nne likija limejaa?"

Utingo alikuwa ananing'inia mlangoni akitusikiliza. "Mnapanda au mnaagana?" aliuliza. "Kuagana ni bure, ila mafuta yanaungua."

Nilimsukuma mdogo wangu begani. Ilikuwa kama kusukuma ukuta. Basi likaondoka. Nikabeba begi tena, tukarudi nyumbani.

Kwa hiyo alikuwepo mtoto alipoamka. Mtoto alijificha nyuma ya shangazi, akamwita mama, akauliza hawa ni nani. Shangazi akamwambia. Mtoto akatoa kichwa kidogo.

"Wewe ndiye kaka wa Iringa?"

"Ndiye mimi."

"Mbona mwembamba hivyo?"

"Shuleni tunakula maharage kila siku."

"Sisi Makongolosi tunakula samaki wa kukaanga," alisema mtoto, kwa majivuno. "Kwa hiyo mimi nitakuwa mnene, wewe utakuwa hivyo hivyo."

Mdogo wangu alicheka mpaka akalazimika kuketi. Akaleta beseni la maji ya moto, akamwosha miguu, tope likitoka vipande vipande, na mtoto akimpa hadithi za mashimo ya dhahabu na mtu mmoja kule aliyeanguka shimoni akatoka na kofia yake. Tulikula viazi na nyama kwenye sinia moja. Nilikuwa nimeketi nao, lakini masikio yangu yalikuwa barabarani.

Basi la saa nne lilipita bila kusimama, watu wamejaa hadi mlangoni.

Vijana wa leo hawajui, lakini miaka ile magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mafuta yalikuwa shida. Saa nane ikikukuta njiani, unalala hapo hapo mpaka kesho alfajiri. Mabasi yaliruhusiwa, lakini Jumapili yalikuwa machache. Nilisimama kando ya barabara nikipungia kila chombo, mpaka ikasimama pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Mbeya mjini, mzee wa kanzu aliyekuwa akinunua viazi vyangu kwa magunia. Alikuwa anawahi Iringa.

"Panda haraka," alisema. "Nikiendesha vizuri, saa nane naingia mjini."

Nilipochukua kanga yangu shangazi alishangaa. "Na wewe? Sisi kesho asubuhi tunaondoka."

"Najua, shangazi."

"Mwache aende. Ni mwanaume mzima."

"Ni mwanaume, lakini aliyemwombea ruhusa ni mimi."

Nilijua nikimwachia njia peke yake, akaona mambo yanakuwa magumu, atashuka njiani, hata Igawa, na kurudi kwa mtoto. Nilimwambia mtoto kwamba narudi. Alikuwa anacheza na mfuniko wa sufuria, akaitikia bila kugeuka.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipovuka Makambako, tairi likapasuka. La akiba nalo halikuwa na upepo wa kutosha. Mpaka tukapata mtu mwenye pampu, jua lilikuwa limepita utosini. Tulipoingia Nyololo askari alikuwa amesimama katikati ya barabara, mkono juu.

"Afande," mzee alisema kwa upole, "nimebakiza kipande tu."

"Kipande hicho ndicho cha saa nane."

"Nina mwanafunzi hapa, ana mtihani."

"Mwanafunzi hajakatazwa kutembea, mzee. Lililokatazwa ni gari."

Mzee akazima injini, akaegesha chini ya mti, akavua viatu. "Mimi kwangu ni hapa mpaka alfajiri," alituambia. "Nyie tafuteni basi, msinisubiri."

Tulikaa kwenye jiwe kando ya barabara. Baridi ya nyanda zile za Mufindi ilianza kushuka mapema. Mdogo wangu alibadilisha nguo nyuma ya banda la mahindi, akavaa sare za shule. Basi moja likapita. La pili likapita. Kila nililotaka kumwambia lilikuwa kuhusu basi la alfajiri.

"Dada," alisema mwishowe, "akinifukuza nitakuja kulima na wewe."

"Sikukusomesha uje kunisaidia viazi."

"Nakuambia tu."

"Usiniambie."

Basi la tatu lilipunguza mwendo kwa ajili ya askari. Nadhani alikuwa amechoka kutuona. Aligonga ubavu wa basi kwa kiganja, akamwambia utingo amchukue mwanafunzi, mmoja. Mdogo wangu akapanda. Nikapanda nyuma yake.

"Dada, afande kasema mmoja," utingo alisema.

"Mmoja ni mwanafunzi. Mimi ni mzigo wake."

"Mzigo unakaa juu."

"Nipandishe, basi."

Watu wakacheka, mama mmoja akasogeza kuku wake, nikapata mahali pa kuweka mguu mmoja. Hivyo ndivyo nilivyosafiri hadi Iringa, mguu mmoja ukipumzika huku mwingine ukifanya kazi.

Tulifika shuleni wanafunzi wakitoka bwaloni. Kuhesabiwa kulikuwa kumekwisha. Mwalimu wa zamu alitumulika kwa kurunzi, akasema jina limeshaandikwa kwenye orodha ya wasiokuwepo, na yeye hawezi kulifuta. Tumwone mkuu asubuhi. Mke wa mpishi wa shule alinipa mahali pa kulala. Usingizi haukuja.

Asubuhi tulikuwa mlangoni kwa mkuu wa shule kabla yake. Aliingia, akatuita, akakaa. Kupitia dirishani niliwaona wanafunzi wa kidato cha sita wakielekea ukumbini, kila mmoja na kalamu na rula.

"Nilisema Jumapili jioni."

Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Tairi, Makambako, askari wa Nyololo. Yote yalikuwa kweli, na yalitosha. Nikafungua mdomo.

"Mwalimu, tairi la gari tulilopanda —"

"Si tairi," mdogo wangu alinikatiza. "Basi la alfajiri lilikuwa na nafasi. Dada alinisukuma nipande, nikakataa. Mtoto alikuwa hajaamka. Nilitaka anione."

Nilimtazama. Nilitamani kumziba mdomo kwa mkono.

Ukumbini kengele ya mtihani ililia. Mdogo wangu hakugeuka, ingawa niliona misuli ya shingo yake ikikaza.

"Alikuona?" mkuu wa shule aliuliza.

"Aliniona."

"Akasemaje?"

"Akasema mimi mwembamba, mwalimu."

Mkuu wa shule alichukua kalamu yake, akaizungusha vidoleni. "Kengele imelia. Msimamizi hafungui mlango mara mbili. Kimbia. Mitihani ikiisha uje kwangu. Kuna visiki vya kung'oa nyuma ya bwalo, vikubwa, na mpaka muhula uishe kila Jumamosi ni yako."

Alikimbia. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto, kisha mlango wa ukumbi, kisha kimya. Nilibaki nimesimama nikisubiri kama kimya kile kitavunjika, kama atarudishwa. Hakurudishwa.

"Kwaheri, ndugu," mkuu wa shule alisema, akainamia karatasi zake.

Nilifika Uyole jioni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, sufuria ya jirani ilikuwa imesharudishwa. Nilikwenda kwake.

"Wameondoka asubuhi na mapema," jirani aliniambia. Alikuwa anachambua mboga mlangoni kwake. "Mtoto alisumbua kidogo. Alikataa kupanda gari mpaka aambiwe kama kaka yake alifika shuleni. Shangazi yenu akamwambia alifika. Ndiyo akapanda."

"Shangazi alijuaje?"

"Hakujua. Gari lilikuwa linapiga honi." Aliweka mboga chini. "Kwani alifika?"

"Alifika. Yuko kwenye mtihani."

"Basi mtoto hakudanganywa," alisema, akasogea kwenye ubao aliokalia kunipa nafasi. "Kaa hapa. Huko kwako hakuna hata moto."

Nilikaa, nikamsaidia kuchambua mboga mpaka giza lilipoingia.