Jina Lililoshonwa Ndani ya Koti

Mpaka leo nikipita sokoni wakati wanafungua robota la mitumba, ile harufu ya dawa na unyevu wa nguo zilizokaa gizani hunirudisha Kyimo, jikoni kwa bibi, siku ambayo mdogo wangu alijichagulia jina.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagika kwenye gulio la Kiwira. Nguo hizo tuliziita kafa Ulaya, maana kila mtu aliamini zimevuliwa maiti wa Kizungu. Mama, na tumbo lake limeshuka, hakujali. Alinunua koti zito la kiume, akasema baridi ya Rungwe haiulizi nguo ilikuwa ya nani. Tukirudi, mimi na yeye, uchungu ulimshika pale tunapovuka mto chini ya jabali. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi majini. Akina mama waliokuwa wakifua wakamzalisha papo hapo juu ya mawe, mtoto wakamviringisha kwenye koti.

Mtoto alifika nyumbani akilia, na ziwa la mama hakulitaka.

Kwa bibi yangu, mtoto wa namna hiyo anadai jina. Aliketi kando ya moto akamtajia marehemu wetu mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto angelinyamazia ndilo lake. Akamtaja baba yake mwenyewe, akamtaja kaka yake wa Bagamoyo, akawamaliza hata wale ambao hakuwapenda. Wapi! Kesho yake mchana sauti ya mtoto ilikuwa imekauka, midomo imepauka, na mama hakuthubutu tena kumtazama. Tulijua anatutoka.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma, na mnawajua watoto wa hivyo, husoma hata pakiti ya chumvi. Ndani ya kola ya koti niliona herufi zilizoshonwa kwa uzi mwekundu. Nikazisoma kwa kujikongoja: "Kli-fo-di."

Kimya. Nikasikia maji yakitokota chunguni. Mtoto alifumbua macho akanitazama, kisha akageuza kichwa akalitafuta ziwa la mama.

"Gwe Kyala!" bibi alinong'ona, akimwita Mungu wake. "Sasa huyu ni wa nani?"

Basi jina likawa Clifford. Mama aliogopa kulikataa, akaogopa na kulitamka. Yeye alimwita Mgeni. Na kweli yule mtoto, alipoanza kukua, alitutia hofu: ukimkosa nyumbani, utamkuta pale mtoni, ametulia, analitazama jabali kana kwamba linamsemesha.

"Mama, mbona unamwita Mgeni?" niliwahi kumwuliza.

"Mwenye jina lake akija kumdai, mwanangu, nisiumie sana."

Mama alishafariki nilipokuja kusoma, ukubwani, maana ya majina ya Kiingereza. Clifford: kivuko kando ya jabali. Kumbe kile kichanga hakikuwa kimemwitikia maiti yeyote. Kiliitikia mahali kilipozaliwa, na nani alikifundisha Kiingereza, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba alikuwa wetu tangu mwanzo, na mama alimlea miaka yote akijizuia, kama mtu aliyeazima kitu cha jirani.

Nilimpigia simu Clifford nikamweleza.

"Mama alijua?" akauliza.