Mashine Iliyomkana Msasa

Ninakaa chumba kimoja na kijana anayeitwa Msasa. Jina la kuzaliwa analo, limo kwenye pasipoti, lakini chuoni hakuna anayelitumia, hata mwalimu wake. Anasomea useremala, yuko mwaka wa mwisho, na katika karakana nzima hakuna anayelainisha mbao kama yeye. Wenzake hufunga msasa kwenye mashine, wakabonyeza kitufe, wakaendelea kupiga soga. Yeye hukunja kipande kidogo, akakishika kwa ncha za vidole, akasugua kwa mkono huku amefumba macho. Nilimuuliza siku moja kwa nini anafumba macho.

"Macho yana haraka, kaka," alisema. "Yanaona pamekwisha wakati bado."

Sote wawili ni wageni katika nchi hii. Mimi nasomea sheria na kibali changu cha masomo bado kina muda. Chake kilikuwa kinakwisha kabla ya muhula wake wa mwisho kumalizika, kwa hiyo alihitaji kuongezewa muda kidogo tu, wa kumalizia kiti. Ndiyo, kiti. Mtihani wa mwisho wa fundi seremala haufanywi kwa kalamu. Unatengeneza kitu kwa mikono yako, waamuzi wanakuja, wanakikalia, wanakipapasa mpaka uvunguni. Yeye alichagua kiti chenye mikono na egemeo refu, kwa sababu mama yake anafua nguo za watu na mgongo umeshagoma. Afaulu, akifunge vizuri, arudi nacho nyumbani. Huo ndio ulikuwa mpango wake wote. Hakuwa na nia ya kuipindua serikali ya mtu.

Utaratibu wa kuongeza muda si mgumu kuueleza. Unapeleka maombi kabla kibali hakijakwisha. Yakipokelewa, unaruhusiwa kukaa mpaka ujibiwe. Yasipopokelewa, kibali kikikwisha wewe ni mkosaji, hata kama umelala kitandani kwako unakoroma. Na maombi hayahesabiwi kuwa yamepokelewa mpaka uweke vidole kwenye mashine.

Jioni ya kuamkia siku ya kwenda uhamiaji, Msasa alimpigia mama yake.

"Shati umepiga pasi?" mama akauliza.

"Nimepiga, mama."

"Na mikono? Nakujua mimi. Usiende mbele ya watu wa ofisini na gundi vidoleni, watakuona mhuni."

"Nitanawa, mama."

"Kunawa si kitu. Sugua."

Akasugua. Gundi ya mbao na vanishi havisikii sabuni, na fundi seremala anajua dawa yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua msasa laini kabisa, ule wa kumalizia kazi, akajisugua ncha za vidole kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anavyosugua mbao. Alipomaliza akaninyooshea mikono.

"Tazama, mwanasheria. Mikono ya bwana harusi."

Ilikuwa safi kwelikweli. Kesho yake mashine ikaikataa.

Mashine yenyewe ni kisanduku chenye kioo kwa juu. Msasa aliweka vidole vinne vya mkono wa kulia, taa nyekundu ikawaka. Akaweka vya kushoto, nyekundu. Dole gumba, nyekundu. Nyuma ya dirisha alikuwapo karani, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mkufu.

"Bonyeza zaidi," akasema.

"Nimebonyeza, mama."

"Futa jasho."

"Sina jasho."

Karani akavaa miwani, akatazama kompyuta yake. "Tunazo alama ulizotoa ulipoingia nchini. Hizi hazilingani nazo."

"Lakini mimi ndiye mimi. Picha si hiyo hapo?"

"Picha naiona, kijana. Mashine ndiyo inayosema wewe si wewe."

Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu kila nikilikumbuka damu inanichemka. Msasa aliingia nchi hii akiwa na vidole laini vya mtoto wa shule. Chuo cha nchi hii, chenye nembo ya nchi hii langoni, ndicho kilichompa mbao na kumfundisha kuzisugua. Miaka yote hiyo alikuwa anafutika alama za vidole kwa kazi aliyopewa, na akisifiwa kwa kuifanya vizuri. Ule usafi wa jioni moja ulimalizia tu. Halafu nchi ileile ikakaa nyuma ya kioo na kumuuliza: vidole vyako viko wapi?

"Pumzisha mikono," karani akamshauri. "Usiguse kazi. Paka mafuta, ngozi itarudi. Uje tena kabla kibali hakijakwisha."

Tukaenda karakana kuomba ruhusa. Mwalimu wake, mzee anayeweka penseli nyuma ya sikio hata akiwa kantini, alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuhurumia, mwanangu," akasema. "Lakini mwanafunzi mgeni asipoingia karakana natakiwa nitoe taarifa."

"Kwa nani?" nikauliza.

"Kwa uhamiaji."

Nikacheka, na haikuwa furaha. Akifanya kazi, hana vidole, afukuzwe. Akipumzisha vidole, hafanyi kazi, afukuzwe. Aliyepanga mambo haya hakuwa hata mkatili. Mkatili angalau anakufikiria. Huyu hakufikiria kitu, akapiga muhuri, akaenda kula.

Msasa akaenda dukani. Alinunua glavu nene za mpira, akawa anafanya kazi amezivaa. Patasi alishika na glavu, randa alisukuma na glavu. Tatizo likaja kwenye kulainisha, maana hapo ndipo vidole hufanya kazi ya macho. Basi akabuni njia. Anasugua kidogo, anainama, analaza shavu juu ya mbao, anasikiliza kwa ngozi ya uso. Anasugua tena, anainama tena, mpaka shavu likachubuka. Wenzake hawakumwacha.

"Jamani, Msasa kapata mchumba!"

"Mwache ambusu basi, tujue moja!"

"Mchumba mwenyewe miguu minne, huyo hatoroki!"

Naye alicheka pamoja nao, vumbi la mbao limemjaa nyusi. Chumbani alijipaka mafuta ya mgando mpaka vitasa vya mlango vikawa vinateleza. Kila tulipokwenda kuonana na ile mashine, tulipigwa danadana. Dirisha hili linasema nenda lile, lile linasema rudi hili. Vidole vikaanza kurudi kidogo kidogo, mashine ikakubali kimoja, ikakubali viwili, dole gumba la kulia likagoma kabisa. Hilo ndilo dole linaloshikilia msasa.

Ikafika siku ya mwisho ya kibali. Tulifika ofisi haijafunguliwa. Zamu yetu ilipofika, dole gumba likawekwa juu ya kioo na taa ikawaka nyekundu, ileile.

"Pole, kijana," karani akasema, mkono umeshanyooka kumwita anayefuata. "Jaribu kesho."

"Kesho sina kibali, mama."

"Basi kesho utakuwa na tatizo jingine, si la dirisha hili."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hotuba nzima humo, yenye haki za binadamu na vifungu vyake. Msasa akanizuia kwa kiganja kifuani, bila kunitazama. Akalaza mikono yote miwili juu ya kaunta, viganja juu, mbele ya karani.

"Sawa, mama," akasema. "Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba leo, kibali changu kikiwa hai, nilikuja nikaleta mikono yangu hii. Na wewe umeiona. Uandike mashine ndiyo iliyokataa, si mimi. Uweke sahihi yako. Nikiulizwa kesho kwa nini sikuja, nitaonyesha jina lako."

"Hatuandiki vitu kama hivyo."

"Basi nasubiri mpaka mtakapoandika."

Sijawahi kumsikia na sauti ile. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kavu. Foleni nyuma yetu ikarefusha shingo. Mlinzi akasogea.

"Kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu, baba," Msasa akamjibu, mikono palepale. "Nasubiri karatasi."

Mlinzi akaitazama ile mikono, akamtazama karani, kisha akakumbuka ana kazi mlangoni. Karani alipoona hakuna wa kumsaidia, akainuka, akapotelea ndani. Kuweka sahihi kungekuwa kukubali kwamba jambo hili lina mtu wa kuulizwa. Alirudi na mkuu wa kitengo, mwanamume mnene mwenye kikombe cha chai mkononi. Mkuu akatazama picha kwenye kompyuta, akamtazama Msasa, akashusha macho kwenye vidole.

"Fundi?"

"Seremala, mzee."

"Eeh." Akaweka kikombe mezani, akainama, akabonyeza vitufe viwili vitatu kwa kidole kimoja. "Tayari. Maombi yamepokelewa, utasubiri majibu ukiwa hapahapa. Watu wa kazi za mikono huwa hivi. Waashi, wafua nguo, wote. Hawa mimi nawapitisha kwa macho." Akachukua kikombe chake. "Mbona hamkusema mapema?"

Chai ilikuwa bado inatoa moshi.

Mbona hamkusema mapema! Tulisema kwa kila dirisha lenye mtu. Glavu zilisema, shavu lile lililochubuka lilisema. Tulikosa tu kusema kwa yule mwenye kikombe, na hakuna kibao popote katika jengo lile kinachoonyesha anakokaa. Nje nilipiga teke ukuta wa uhamiaji, nikaumia mimi.

Msasa alikwenda karakana moja kwa moja, akazitupa glavu kwenye pipa, akamalizia kiti kwa mikono mitupu. Siku ya mtihani mwamuzi mmoja alikaa, akaegemea, akafumba macho kwa raha. Mikono yake ikalala juu ya mikono ya kiti, vidole vikajikunja kwa chini. Akashtuka. Pale chini, mahali hasa ncha za vidole zinapofikia, mbao ilikuwa na makwaruzo, haijaguswa na msasa hata mara moja.

"Hapa umesahau," mwamuzi akasema.

"Sijasahau, mzee."

"Nitakukata alama."

"Kata."

Akakatwa, akafaulu hivyohivyo. Jioni alimpigia mama.

"Hicho kiti changu kimekwisha?"

"Kimekwisha, mama. Ila chini ya mikono, vidole vinapofikia, hapajalainishwa."

"Si neno. Nitamwita fundi wa hapa mtaani apasugue."

"Usimwite, mama," Msasa akasema. "Wewe kaa, upashike. Hapo nimeiachia mbao alama zake."