Daktari wa Macho Aliyenipasua

Mama mkwe wangu ndiye aliyemchagua daktari. Ilikuwa wakati wa korona. Bingwa wa uzazi wa hospitali yetu alikuwa mwenyewe amelazwa na oksijeni puani, gari la wagonjwa limekwenda mjini na mtu mwingine, na mimi nimelala na uchungu, mtoto hashuki. Aliyebaki wa kushika kisu ni daktari wa macho, yule aliyempasua mama mkwe kope zilizogeukia ndani, mama akaweza tena kuchambua karanga zake kijijini kwake Buigiri.

Daktari alisema wazi, mimi na mume wangu tunasikia. "Shikamoo mama. Hii si kazi yangu. Upasuaji wa uzazi niliufanya nikiwa mwanafunzi tu."

"Mkono wako una baraka," mama mkwe akamjibu. "Umenitibu mimi, mtibu na huyu."

Mume wangu akaweka sahihi ya kukubali upasuaji. Mimi sikuulizwa, katika ukoo ule mke husemewa.

Mtoto alitoka akilia, wa kike. Damu ikakataa kukatika, daktari akakitoa kizazi. Nikapona.

Hapo ndipo mume wangu alipokasirika, wala si kwa maumivu yangu. Alitaka wa kiume. Akaniita chungu kilichotoboka mbele ya mashemeji, kisha akamshtaki daktari ili anyang'anywe leseni.

Kwenye kikao cha baraza la madaktari cha kusikiliza shauri, mume wangu aliapa kwamba hakuambiwa yule ni daktari wa macho. Mama mkwe akaulizwa kama anamfahamu daktari. Akamtazama vizuri tu, akasema, "Simjui." Nilimchukia, na namchukia hadi leo.

Nikasimama bila kuitwa. Nikasema hawa wawili ni waongo, daktari alituambia kwa kinywa chake kwamba ile si kazi yake, na wao ndio waliomsukuma. Nilijiona nimemwokoa.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, una hakika alisema si kazi yake?"

"Nina hakika."

"Kwa hiyo alijua hana ujuzi huo, na bado akapasua."

Nikamwambia asingepasua ningekufa na mtoto tumboni. Akasema nijibu nilichoulizwa.

"Ndiyo," nikasema. "Alijua."

Walimfutia leseni kwa ushahidi wangu. Tukiwa njiani kurudi nyumbani kwetu Mkonze, mume wangu alisimama dukani akaninunulia soda.