Uyoga wa Daraja la Siri Kuu

Klavdia Savelyevna Ryabtseva alifungua na kufunga kizuizi cha tambukareli ya Zaluzhye kwa miaka thelathini na moja. Muda wote huo hakugongwa mtu wala ng'ombe, ila mbuzi mmoja ambaye kwa mujibu wa ripoti alikuwa amekusudia. Mji wetu ulimheshimu kwa jambo jingine kabisa. Kila Septemba alitoka msituni na vikapu viwili vya uyoga mweupe, ule wenye shina nene, hata miaka ambayo sisi wengine tulirudi na mafua tu.

Sehemu zake za kuchumia zilikuwa tisa. Alionyeshwa na baba yake, na ya tisa aliambiwa mzee akiwa kitandani, baada ya daktari kutolewa chumbani. Kwetu mtu atakutajia mshahara wake, ugonjwa wake na ugomvi wake na mkewe, lakini ukimuuliza amechuma wapi atanyoosha mkono kuelekea nusu ya dunia na kusema, "Huko."

Mwaka aliotimiza sabini na mbili, daktari wa moyo alimpangia upasuaji mwishoni mwa Agosti, akamwambia matumaini ni mazuri. Klavdia alikuwa mtu wa reli. Alijua treni inayotarajiwa ni treni ambayo haijafika. Hakuwa na mtoto. Mrithi wake alikuwa Rimma, binti wa marehemu kaka yake, nesi huko Khabarovsk, siku sita kwa treni, na hospitali haikumpa likizo.

Kumtajia sehemu hizo kwa simu haikuwezekana. Kuta za jengo letu ni nyembamba, na upande wa pili anaishi Polina Arkadyevna mwenye vikapu vitatu. Kwa posta ndiyo kabisa, maana mpeleka barua naye ni mchumaji. Ndipo Rimma akamwelekeza namna ya kufungua barua pepe ya siri, ile ambayo hata kampuni inayoibeba haiwezi kuisoma. Kila Jumamosi Klavdia alituma sehemu moja. Alipomaliza ya nne, serikali ikapiga marufuku barua hizo nchi nzima, kwa kuwa wahuni walizitumia kutangaza mabomu yasiyokuwepo.

Zikabaki sehemu tano, na wiki tatu kabla ya upasuaji.

Alikwenda wilayani kwa Valery Pankratovich Shubin, mkuu wa usalama wa mawasiliano, akaomba aruhusiwe siri kidogo.

"Mama," alisema Shubin kwa upole, "raia mwema ana nini cha kuficha?"

"Wewe si mtoto wa Nonna wa duka la dawa?"

"Ndiye mimi."

"Jumapili nilikuona na ndoo umeifunika gazeti. Ulichuma wapi?"

Shubin alitazama dirishani. "Huko."

"Huko wapi, mwanangu?"

"Ng'ambo ya mto."

"Mto una ng'ambo mbili."

"Mama, hapa anayeuliza ni mimi!"

Akampa fomu ya Ombi la Kutunziwa Siri. Kipengele cha saba kilimtaka mwombaji aieleze siri yenyewe kwa ukamilifu, nakala tatu, moja ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa siku kumi na nne ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Klavdia aliikunja fomu vizuri, akaenda nayo nyumbani. Jioni hiyo akaandika kwa barua pepe ya kawaida, ile iliyoruhusiwa: "Rimma mpenzi, hii ndiyo mama wa sehemu zote. Pita kiwanda cha matofali kilichofungwa, ingia kwenye kinamasi hadi mti uliopasuliwa na radi, kisha hatua mia mbili kushoto. Usimwambie mtu." Huko hata vyura wanaishi kwa shida.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikaa kwenye benchi lake la zamani pale tambukareli. Alipita Shubin na mkewe, nyuma yao mama yake, Nonna, na vikapu sita. Wakafuata wawili wa ofisini kwake, waliojifanya hawamfahamu. Mwisho akapita Polina Arkadyevna, ambaye hutengenezwa nywele saluni moja na mke wa Shubin.

Walirudi mchana, matope yamewafika kifuani. Shubin alikuwa na gambuti moja.

"Mmepata?" aliuliza Klavdia.

"Tulikuwa tunapunga upepo," alijibu Nonna.

Jumatatu akaitwa wilayani.

"Mama, umesambaza habari za uongo."

"Kwa nani?"

"Kwa umma."

"Mimi nilimwandikia mtu mmoja."

"Umma umedhurika, mama!"

"Basi andika. Andika umma uliisomea wapi barua yangu, na umma umepoteza buti la mguu gani."

Shubin aliweka kalamu mezani. "La kushoto," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akauliza: "Unataka nini, mama?"

"Sehemu tano zifike Khabarovsk, na asizisome mtu. Na wewe ni mtu."

"Barua za namna hiyo siku hizi wanazo watu wa serikali tu."

"Si unaona? Nimekuja mahali penyewe."

Shubin alifunga mlango, akaiwasha mashine ya ofisi, akasimama akitazama ukuta. Klavdia aliandika kwa kidole kimoja dakika arobaini.

"Mama, umefika wapi?"

"Kwenye mto. Usigeuke."

Mashine ilidai daraja la usiri wa barua. Kulikuwa na Kawaida, Siri, na Siri Kuu. Klavdia hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu.

Siku ya pili, watu wawili wenye suti walimtoa Rimma wodini, wakampeleka kwenye chumba kisicho na dirisha, wakampa karatasi yenye barua ya shangazi yake aisome mara tatu, kisha wakaichoma mbele yake. Akasaini kwamba hatamwambia binadamu yeyote, na kwamba kwa miaka mitano hatavuka mpaka wa nchi. Alikuwa amepanga kwenda Vietnam mwezi wa Januari.

Moyo wa Klavdia ulishonwa, ukaendelea na kazi. Septemba ya mwaka uliofuata Rimma alipata likizo, wakaingia msituni pamoja, Klavdia na fimbo, Rimma na vikapu. Walipovuka kijito shangazi alisimama. Alitaka kuwa na hakika.

"Haya, niambie. Ya saba iko wapi?"

Rimma aligeuka akatazama njia waliyotoka. Mbali kidogo, nyuma ya kichaka, palikuwa na kofia inayofanana na ya Shubin.

"Siwezi, shangazi."

"Mimi ndiye niliyekutumia!"

"Nimesaini. Binadamu yeyote, ndivyo ilivyoandikwa. Hawakuandika 'isipokuwa shangazi'."

"Hata kunong'ona?"

"Hata kunong'ona."

Klavdia alimtazama sana. Miaka thelathini na moja aliitumikia serikali bila kuona imefanya jambo moja likakamilika; hili lilikuwa la kwanza. Akageuka kushoto, upande ambao si wa ya saba, akaongeza mwendo kuelekea kinamasini, na kofia ikawafuata.