Maziwa ya Dada

Ngozi ya mikono ya dada yangu ilikuwa imekaza kama ya ngoma, na vidole viligeuka vyeupe kila asubuhi ya baridi. Watu wa Garsen wakanong'ona kuwa ni ukoma. Kwetu mgeni hakatai maziwa, kwa hiyo nilimchunguza kila aliyepokea kibuyu cha dada: anameza, au anagusisha mdomo tu? Jirani mmoja nikamkuta akiyamwaga nyuma ya nyumba. Nikamkokota mpaka zahanati, dada akitufuata. Dresa, mhudumu anayetibu watu pale, akamdunga dada sindano kidoleni.

"Wee, mimi ni mbuzi?" dada akafoka.

"Angekuwa na ukoma asingesikia sindano hapo," dresa akamwambia jirani. "Jina la ugonjwa huu silijui, lakini ukoma sio."

Tuliporudi nyumbani dada akamjazia jirani kibuyu. Nililikodolea macho koo lake mpaka likameza.