Sokwe wa Mwiko

Mume wangu Filemoni ni mpishi. Miaka kumi na tisa amewapikia wageni kwenye kambi kule Gombe, na kila akija likizo Ujiji, kibaraza chetu kinajaa. Msidhani watu wanafuata kahawa yangu. Wanafuata sokwe wa mwiko: dume kubwa lililoingia jikoni, likampokonya Filemoni mwiko, likaonja mchuzi wa migebuka, samaki wa ziwani kwetu, kisha likakaa kitako kusubiri sahani. Hadithi hiyo nami nimeisimulia soko zima la Mwanga, tena kwa kuapa.

Mwaka huu anastaafu. Kambi ikampa zawadi: siku moja apande msituni kama mgeni, na mtu mmoja wa kwenda naye. Akanichagua mimi. Niliringa, msiniulize!

Asubuhi, chini ya mlima, kijana anayeongoza wageni, Erasto, alitugawia barakoa. Alitukataza kula njiani na kuwasogelea sokwe. Halafu akamgeukia mume wangu, anacheka.

"Mzee, hatimaye! Miaka yote hii hujawahi kuwaona. Leo lazima tuwapate."

Nikasimama. "Hujawahi?"

"Mama Elida, wageni wakipanda mimi napika," Filemoni alisema, anaangalia viatu vyake. "Wakishuka wanataka chakula. Ningepanda saa ngapi?"

"Na mwiko?"

"Aliuchukua nyani. Akakimbia nao."

Nyani! Wale wezi wa kila siku! Hasira zilinipanda hadi utosini. Nikamwambia leo jioni atawaeleza watu ukweli wote, mbele yangu, la sivyo chakula atajipikia mwenyewe. Erasto akageuka pembeni kuficha kicheko. Filemoni akasema sawa, kwa sauti ndogo, kisha akaongeza, "Ila nipate kwanza la kweli la kuwaambia."

Tukapanda. Saa ya kwanza, hakuna kitu. Saa ya pili tukasikia kelele zao ng'ambo ya bonde, tulipofika, wameshaondoka. Boti ya kuturudisha nyumbani ingeondoka saa saba. Filemoni anahema, na bado anapanda. Hapo hasira zikaniisha, nikaanza kuomba: Mungu wangu, hata mmoja tu, hata kibogoyo.

Erasto akainua mkono. Mbele yetu, kwenye kichuguu, mama sokwe amekaa anachomeka ujiti, anauchomoa umejaa mchwa, anakula. Mwanawe naye kaokota kijiti kinene, anasukuma, hakiingii. Anasukuma tena. Mama akatutupia jicho mara moja, akaona hatuna maana, akaendelea na kazi yake.

Nikamtazama Filemoni. Barakoa imelowa machozi. Akanishika mkono, yeye ambaye hata kanisani hanishiki. Jamani, nilifurahi! Nilifurahi kuliko siku ya harusi, maana siku ile viatu vilinibana.

Jioni kibaraza kikajaa. Jirani yetu Mwinshehe, fundi viatu, ndiye aliyeanza. "Haya Mzee, lete habari!"

Filemoni akaniangalia, akakohoa. "Tumemkuta mama na mwanawe. Mama anakula mchwa kwa ujiti. Mtoto akajaribu, akashindwa."

"Halafu?"

"Basi."

"Basi?" Mwinshehe akaweka kikombe chini. "Na yule wetu wa mwiko?"

"Yule..." Filemoni akajifuta jasho. "Jamaa zangu, kuhusu yule, kuna jambo inabidi niwaambie."

Nikaona uso wa Mwinshehe unavyonywea, mtu mzima na mvi zake. Miaka kumi na tisa anamsubiri sokwe huyo kila likizo. Loo, nilishindwa.

"Amezeeka," nikadakia. "Tumekutana naye njiani wakati wa kushuka. Ameulizia migebuka."

Kibaraza kikalipuka kwa kicheko. Filemoni alinikodolea macho, kisha akacheka hadi kahawa ikamwagikia shati.

Mwinshehe akasogeza kigoda chake, akakigeuzia upande wangu. "Haya shemeji," akasema, "anza mwanzo."