Mluzi wa Learco

Nives Zanardi aliuza vifungo. Duka lake lilikuwa uwanjani, mkabala na kanisa, na ukimpelekea koti lililopungukiwa kifungo alikutafutia kinachofanana huku akiimba, bila hata kujijua kwamba anaimba. Jioni alikwenda kwenye kwaya ya jumba letu la opera. Humo aliwahi kuwa mtumwa, mtawa, mchuuzi wa samaki na mzimu. Malkia hakuwahi kuwa.

Mumewe, Learco, alikuwa akitia chumvi mapaja ya nguruwe kiwandani, lakini ukubwa wake ulikuwa kwenye roshani ya juu, kule kwenye mabenchi ya bei rahisi tunakokaa sisi tunaojiona tunaijua opera kuliko walioitunga. Learco akipiga makofi, roshani nzima ilipiga. Akitia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi, roshani nzima ilizomea, na mwimbaji aliyekuja na sifa zake kutoka Milano aliondoka bila kuaga. Mluzi huohuo aliupiga kila jioni chini ya dirisha la nyumbani kwao akitoka kazini, kwa sababu hakupenda kubeba ufunguo. Nives akiusikia, alitia tambi kwenye maji yanayochemka, kisha akamteremshia ufunguo kwa kikapu. Mimi ninakaa ng'ambo ya barabara, na nilishauzoea kama kengele ya kanisa.

Mwaka ule ikaamuliwa iimbwe opera ya Malkia Aldruda. Aliitunga mtu wa mji huuhuu, na nje ya mji huu sidhani kama kuna anayeijua. Hata sisi hatukuwa tumeiona tangu mama zetu wakiwa wasichana. Waimbaji wakubwa walikataa kujifunza opera nzima kwa ajili ya Jumapili mbili tu, basi kiongozi wa okestra akamchagua Nives. Nilimkuta dukani akilia nyuma ya makasha ya vifungo, nami nikalia, ingawa si kawaida yangu.

Shida ilikuwa noti moja ya wimbo. Mwisho wa opera, mfalme, mumewe mwenyewe, ameshamuuza malkia kwa maadui, naye malkia anaimba peke yake gerezani. Mtunzi aliumalizia wimbo ule chini, kwa upole. Lakini mwimbaji wa kwanza kabisa aliupandisha juu kwa kiburi chake, watu wakarukwa na akili, na tangu siku hiyo mji wetu umeshikilia kwamba malkia asiyepanda juu hajaimba kitu. Haikuandikwa popote. Tulirithishwa tu, tukaishika kama amri ya kumi na moja. Nives alikuwa anakaribia miaka hamsini. Siku nyingine noti ile ilimjia, siku nyingine ilimpasukia kooni. Kiongozi wa okestra alimwambia aimbe kama ilivyoandikwa, ila Nives aliiogopa roshani, na nani asingeiogopa?

Learco alimtuliza mbele yangu, mezani kwao, tukila tortelli, tambi zilizojazwa maboga.

"Imba kama ilivyoandikwa, mama," alimwambia. "Roshani niachie mimi. Atakayethubutu kufungua mdomo atanitambua."

Nives aliushika mkono wake wenye harufu ya chumvi, akaubusu. Alimwamini. Hata mimi nilimwamini, na mimi ni mgumu wa kuamini wanaume.

Jumapili mchana nilikaa kando ya Learco. Nives aliimba vizuri mno hata nikasahau kwamba ni jirani yangu. Katika mapumziko ya mwisho wenzake Learco wa roshani wakaanza kumchokoza. Gualtiero, kinyozi, mwenye ulimi mrefu kuliko wembe wake, ndiye aliyeongoza.

"Haya, mzee," alisema, "shemeji akituimbia chini tufanyeje? Tupige makofi kwa kuwa anakupikia?"

Wakacheka. Niliona masikio ya Learco yakiiva.

Nives akafika kwenye wimbo wa gerezani. Akashuka chini polepole, kama mtunzi alivyotaka, na machozi yakanitoka. Jumba likanyamaza. Kimya kile bado kingeweza kugeuka makofi. Ndipo, karibu kabisa na sikio langu, vidole viwili vikaingia mdomoni na mluzi ukatoka. Roshani nzima ikafuata, kama kawaida yake.

Nives aliinua uso na kutazama moja kwa moja tulipokaa. Nilimpiga Learco kwa mkoba wangu, na nikimkuta leo nitampiga tena.

Pazia liliposhuka nilikimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Learco alikuwa ameshafika. Alimweleza mkewe kwamba walimzidi nguvu, kwamba alijaribu kuwanyamazisha, kwamba Gualtiero ndiye aliyeanza. Nives alikuwa akijifuta rangi usoni. Alipomaliza akachukua koti lake, wakaenda nyumbani.

Jumatatu jioni Learco alitoka kiwandani, akasimama chini ya dirisha na kupiga mluzi. Jikoni kwao taa ilikuwa inawaka, na nilimwona Nives mezani, anakula. Learco akapiga tena. Majirani wakaanza kuchungulia.

"Nives," aliita, "ni mimi."

Dirisha likafunguka. Learco akainua mikono kupokea kikapu.

"Najua ni wewe," Nives alisema. "Hata jana nilijua."

Akalifunga.